Sifuri Nne

...na chai hii itapoa, itafanya utando juu, na Mama Tabitha atadhani nimeikataa, kumbe mkono mmoja umeshika sirinji na mwingine umeshika chupa ya dawa na wa tatu Mungu alininyima, na huyu Lemein amejaza mlango wote, mabega yameenda fremu hadi fremu, mwanga wa saa nne asubuhi unaingia kwa kuinama chini ya kwapa lake, na hii ni mara ya pili ananiambia, kwa sauti ya chini yenye adabu, sauti ambayo hata mkali kama mimi hapati mahali pa kuishikia, "Ngoja kwanza, daktari," na mimi si daktari, mimi ni Roda, nesi wa kuwazungukia wagonjwa majumbani, nimewaambia tangu siku ya kwanza, lakini hapa Kisaju ukishuka kwa bodaboda na begi la dawa wewe ni daktari, utake usitake, basi nangoja, nangoja nini, mililita tano za mofini zimekaa ndani ya sirinji isiyo na sindano, kijani kama juisi ya watoto, na mzee Saning'o, baba yake Lemein, yuko kitandani hatua moja kutoka kwa magoti yangu, amelala ubavu, shuka jekundu limevutwa hadi puani, macho yako wazi lakini hayako kwangu, yako kwa kile kipande cha dirisha ambako ng'ombe hupita, saratani ilianzia kwenye tezi dume ikaingia mifupa ya kiuno na uti wa mgongo, picha niliiona kwa macho yangu, mifupa imeliwa kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi, na mwanawe anasema ngoja, na mimi niliyekuja kutoka Kitengela nikipanga maneno njia nzima, haki ya mgonjwa, utu wa mgonjwa, maneno ya semina, nikijiambia leo Lemein atanitambua, leo sitoki hapa mpaka mzee amemeza, Musila mume wangu hunitania kwamba nikianza kubishana hata ukuta unaomba msamaha, haya, mbona ukuta huu hauombi, mbona umesimama tu hapo mlangoni na kofia mkononi... na yale maneno yote yameenda wapi.

"Sisi hatukatai dawa," anasema Lemein, "usione kama tumekataa, tunasema tu ingoje aongee," na mimi najua aongee nini, Mama Tabitha, mke wa mzee na mama yake huyu Lemein, aliniambia siku ya pili nilipokuja, tukiwa pale kwa tangi la maji, na Mama Tabitha si mtu wa maneno, Kiswahili chake anakitoa neno moja moja kama anayetoa mawe kwenye mchele, akasema, "Huyu aliuza shamba ya chini. Baba yake hakuwa anajua. Miaka sita, hajamwita jina," na hilo tu, akabeba mtungi wake akaenda, ikabidi nimalizie mwenyewe kwa macho, ile sehemu ya chini yenye nyasi karibu na lugga, ule mkondo wa mto wa msimu, sasa imepigwa bikoni za plot na mageti ya rangi ya buluu, ng'ombe wa mzee wanazunguka mbali kufika mahali walipokuwa wakifika kwa kunyoosha tu shingo, na mzee tangu siku hiyo Lemein ni "wewe", wewe lete maji, wewe funga ng'ombe, jina hapana, na kumbe huyu huyu Lemein ndiye aliyefunga duka lake huko mjini akarudi nyumbani baba alipoanguka, ndiye anayembeba kila asubuhi kumtoa nje aone mifugo, anambeba kama mtoto mchanga, nimemwona, kidevu cha mzee kwenye bega lake na hakuna anayesema neno, ndiye anayemwosha, na Mmaasai mtu mzima kumwosha baba yake si jambo dogo, anangoja tu baba afungue mdomo amtemee mate kidogo ya baraka kichwani, amtaje jina, amwambie nenda uzae, nenda ng'ombe wako wajae, na watu wa nyumbani waitikie Naai, Naai, ee Mungu, hilo tu, hakuna kingine anachotaka duniani, na akiikosa baraka hiyo atatembea na pengo lake mpaka kaburini kwake, hata mimi Mkamba naelewa hilo, kwetu pia mzee akifa amefunga mdomo juu yako husikii raha ya chakula, basi nitamchukiaje mtu huyu, nilikuja na hasira na sasa sina mahali pa kuiweka... "Tangu Jumapili hajasema neno," anasema, "hata moja. Sasa ukimpa hiyo, atalala. Baba mdogo kule Tuala walimpa hiyo hiyo ya kijani. Alilala. Hakuamka, daktari," na mimi naijua ile ya Tuala, si mgonjwa wangu lakini niliisikia, walikaa na chupa wiki tatu kabatini wakiogopa, wakaifungua siku ambayo mzee alikuwa tayari anaenda, akameza kijiko akaenda, na lawama ikabaki kwa kijiko, nitamwambia vipi hilo bila kusema nyinyi ndio mlimchelewesha, hakuna njia ya kulisema likawa tamu, chai imeanza kufanya utando sasa, nauona.

Halafu analifungua daftari... ee, hilo daftari, mimi mwenyewe nililinunua, la kurasa arobaini na nane, nikaliacha hapa nyumbani juu ya redio ili yeyote atakayekuja asome, na Lemein ananyoosha kidole chini ya mwandiko wangu, mwandiko mzuri, shuleni nilisifiwa, "Si ni wewe mwenyewe umeandika hapa? Tarehe tatu, maumivu sifuri. Tarehe kumi, sifuri. Kumi na saba, sifuri. Ishirini na nne, sifuri. Kama ni sifuri, dawa ya uchungu ni ya nini?" na hasemi kwa kejeli, ndiyo shida yenyewe, anauliza kwa kutaka kujua, na ningekuwa hakimu ningempa ushindi tukafunga mahakama twende nyumbani, sifuri nne, kila moja na saini yangu chini yake, na ukweli ni kwamba leo nimeleta mofini si kwa sababu mzee amesema kitu, nimeileta kwa sababu daktari wa kliniki aliitazama ile picha ya mifupa akaniuliza, "Huyu hana maumivu? Una hakika?" na kwa sababu jana Mama Tabitha alinipigia simu, yeye ambaye hajawahi kunipigia, akasema, "Kuja na ile dawa," nikamuuliza kuna nini mama, amezidiwa, analia, akasema tena tu, "Kuja nayo," akakata, basi mimi nikajua na sikujua, nikaja na chupa na maneno ya semina na sifuri zangu nne zilikuwa zimeshanitangulia kufika.

Lakini nilimuuliza, jamani, nilimuuliza kila mara, siwezi kusema sikumuuliza, nilivuta kiti hiki hiki cha plastiki nikakaa hapa hapa, nikasema, "Mzee, kutoka sifuri mpaka kumi, uchungu uko ngapi?" na Lemein akasimama pale kichwani kwake akamwambia kwa Kimaa, na ndugu zake wawili, hawa walio nje ya mlango sasa hivi, wakasimama pale miguuni, na mzee akamtazama Lemein, si mimi, Lemein, akajibu neno fupi, na Lemein akanigeukia, "Anasema hana kitu," na kwa uso wake niliona amefurahi, nami nikafurahi kwa sababu alifurahi, nikaandika sifuri... subiri... subiri kwanza Roda, rudi nyuma, nani alimuuliza, si mimi, mimi nilimuuliza hewa, aliyemuuliza ni mwanawe, mwanamume aliyesimama kichwani akamwinamia baba yake akamwambia, baba, unaumwa, mbele ya wanaume wengine wawili aliowazaa, na hii nyumba si ndiyo ile ambayo siku ya kwanza kabisa Lemein alinisimulia, kwa fahari, hata kabla sijafungua begi, jinsi baba yake alivyoketishwa kwenye ngozi alfajiri ya kutahiriwa, maji ya baridi yakamwagwa mwilini, kisu kikapita na hakupepesa hata ukope, watu walikuwa wakitazama vidole vyake vya miguu na hakuna kidole kilichosogea, na wazee wakampa ng'ombe, na Lemein akasema, "Mimi pia, daktari, siku yangu yeye alisimama mbele yangu, ananiangalia hapa," akaonyesha katikati ya macho, "akaniambia ukisogea usiniite baba," akacheka, nami nikacheka, nikafungua begi nikatoa kalamu, na dakika tano baadaye nikamtuma mtoto huyo huyo akamuulize mzee huyo huyo kama anaumwa, na nikaamini jibu... wewe Roda, kwani kichwa unabebea nywele tu.

Na si mara ya kwanza, hapo ndipo moyo unaniuma, si mara ya kwanza, kulikuwa na Nasieku, nilikuwa nimeajiriwa mwaka mmoja, wodi ya uzazi kule Kajiado, akina mama kumi na mmoja na sisi wawili, na waliokuwa wanapiga mayowe tuliwafokea, Mungu atusamehe, tuliwaambia wewe ndio wa kwanza kuzaa, ulipokuwa unaitafuta ulikuwa unalia hivyo, maneno hayo yametoka kwa kinywa hiki hiki kinachoimba kwaya, na Nasieku alilala kitanda cha mwisho akitazama dari hakutoa hata mlio, nikawaambia wengine mwone huyu, huyu ndiye mgonjwa mzuri, nikapita kitanda chake mara tatu nikimsifu, mara ya nne nikaona damu imefika sakafuni, ilikuwa imeshuka polepole upande wa ukuta, na yeye alikuwa amejua, alikuwa amejua muda wote, alipona, mtoto pia, lakini nilipomuuliza baadaye mbona hukuniita aliniangalia kama mtu anayeulizwa mbona hakuvua nguo sokoni, na niliapa, nilisimama pale kwa sinki nikinawa nikaapa sitamwamini tena mgonjwa anayenyamaza, kiapo hicho nimekitunza miaka mingapi, mpaka nilipokutana na mzee mwenye sura ya heshima na mtoto wa kutafsiri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

"Daktari, tumekuudhi?" Lemein anauliza, natikisa kichwa, hapana, hamjaniudhi, nje kengele ya ng'ombe inapita na macho ya mzee yanaifuata dirishani, macho tu, kichwa hakisogei, hakuna kitu kinachosogea kwake, isipokuwa... isipokuwa hapo, chini ya pua, shuka linasogea, linavutwa kidogo ndani linaachiwa, linavutwa tena, si pumzi, pumzi haina nguvu hiyo, na kitambaa hapo mdomoni kimelowa, wekundu wake ni mweusi kwa maji, na taya la mzee, chini ya ngozi, kuna fundo linalotokea karibu na sikio, linatokea linazama, linatokea linazama, na mimi nikiwa nje nusu saa iliyopita, ee Mungu wangu, nikishuka kwa bodaboda, kulikuwa na shuka limeanikwa kwenye ua wa miti, jekundu kama hili, mistari kama hii, na pembeni kabisa lilikuwa na tundu, si tundu dogo, ngumi ingepita, kingo zimechakaa nyuzi nyuzi, na mimi mcheshi, mimi ninayejua kuchangamsha nyumba, nikamwambia Mama Tabitha, "Mama, hapa mko na panya mkubwa, tafuteni paka," na hakucheka, akalishika lile shuka, akalinyoosha, akaligeuza mpaka ile pembe yenye tundu ikatazama njia, ikanitazama mimi, akaingia jikoni kuweka chai, nikadhani nimemkosea kwa utani, nikajiambia hawa watu utani wa panya hawaupendi, kumbe mama wa watu alikuwa ananiambia, alikuwa ameshasema yote anayoweza kusema bila kumvua mume wake nguo mbele ya watoto, analifua kila asubuhi, analianika upande wa nyuma watoto wasione, na leo kwa mara ya kwanza amelileta mbele, njiani, akalifungua kama barua, na mimi nikalisoma panya... mficha maradhi kilio humuumbua, nimewaambia watu msemo huo mara ngapi, na huyu amekataa kuumbuliwa na kilio, amekila kilio chake pamoja na shuka.

Tangu Jumapili, anasema Lemein, hajasema neno, na atasemaje, atasemaje Lemein wangu, mtu aliyeuma shuka hawezi kubariki, mdomo umejaa, akiyaachia meno ili aseme jina lako kitakachotoka kwanza si jina, ni ule mlio alioufunga tangu alipokuwa kijana kwenye ngozi, na utausikia wewe, wewe wa watu wote, ambaye alikwambia ukisogea usimwite baba, kwa hiyo anauma, na wewe unangoja aseme, na kadiri unavyosimama hapo kungoja ndivyo anavyozidi kuuma, nyinyi wawili mmefungana kamba moja shingoni na kila mmoja anavuta kwa mapenzi, na mimi ndiye niliyeipiga fundo kwa kalamu ya buluu, sifuri, na saini... na siwezi kumwambia hili, siwezi kumwonyesha shuka, siwezi kusema mtazame baba yako mdomoni, Mama Tabitha ameishi na siri hiyo bila kuitoa, amenipa mimi kwa sababu mimi ni mgeni na nina begi, nikiitoa hapa mbele ya mzee, na mzee anasikia Kiswahili vizuri kuliko anavyojifanya, nitakuwa nimemsogeza kidole cha mguu mimi mwenyewe mbele ya wanawe baada ya miaka yote hiyo, hapana, si mimi.

Basi kuna nini cha kusema, maneno ya semina hapana, haki ya mgonjwa itasimama hapa katikati ya nyumba kama mgeni asiyejua pa kukaa, na ahadi siwezi, siwezi kumwambia ukimpa dawa atakutaja jina, labda atakufa na "wewe" yake, wazee ni wagumu, ninachojua ni kidogo tu, kwamba kesho atasinzia kwa sababu hajalala wiki nzima, na keshokutwa, au siku inayofuata, meno yataachia, na mdomo utakuwa wazi, na cha kufanya na mdomo huo ni juu yake... na nitamuuliza mwenyewe, ndiyo, bila mtu kichwani wala miguuni, Mama Tabitha tu akiwa amenipa mgongo na masufuria yake, sitamuuliza ngapi, namba mzee atazipanga zote ziwe sifuri, nitamwambia mzee, wewe umemaliza kuonyesha, umeonyesha watu wote, waliobaki hapa ni wanawake wawili wazee, je, unataka hii, na akifumba macho nitajua, na akikataa, akikataa nitaimwaga sirinji hii chini ya ule ua na nitarudi Alhamisi kuuliza tena, lakini kwanza mlango ufunguke, na mlango ni Lemein, na Lemein ameshikilia daftari langu, na kitu pekee humu ndani ninachoweza kukivua nguo bila kumwaibisha mwingine ni jina langu, mwandiko wangu mzuri, nilikuja kushinda, Musila ataniuliza jioni ilikuwaje, nitamwambia leo mimi ndiye niliyekuwa ukuta.

"Lemein," nasema, na sauti inatoka ndogo kuliko nilivyoipanga, "hapo nilikosea."

Anainua macho kutoka kwa daftari. Hajasogea, kofia iko mkononi vile vile, mwanga uko chini ya kwapa vile vile, chai imevaa utando mzito na nyuma yake Mama Tabitha ameacha kusugua sufuria.

"Si baba yako alikosea, wala si wewe," nasema, "ni mimi nilikaa vibaya na nikauliza vibaya. Nipe daftari nizifute sifuri hizo. Halafu, tafadhali, wewe na ndugu zako mkakae kidogo na ng'ombe, mniache na mzee na mama yenu."

Analitazama daftari, kidole chake bado kiko chini ya tarehe ishirini na nne, kisha kinapanda polepole, kumi na saba, kumi, tatu, na hapo kitandani lile fundo la taya linatokea linazama.

"Zote?" anauliza.

"Zote nne."